Kila timu ya Hispania ina García wake: hawa watu ni ukoo mmoja?

#1 Winga_wa_Kushoto
Wakuu, za jioni.

Kila nikikaa kibanda umiza kuangalia mpira wa Hispania swali hili linanirudia. Barcelona golini yupo Joan García, nyuma yupo Eric García. Geukia Madrid: beki wa kushoto Fran García, mbele kuna yule kijana Gonzalo García. Juzi mzee mmoja fundi baiskeli, tunakaa naye benchi moja kila wikiendi, akauliza kwa sauti: "Hawa wote baba yao mmoja?" Kibanda kikaangua kicheko. Kicheko kilipoisha hakuna aliyekuwa na jibu, na mimi leo siku ya tatu swali lake halijanitoka.

Kidogo nilichookota ni hiki: García ndilo jina la ukoo linaloongoza Hispania nzima. Watu zaidi ya milioni 1.4 wanalo kama jina lao la kwanza la ukoo, yaani karibu watu 30 katika kila 1,000. Yanafuata Rodríguez, González, Fernández na López, tena kwa mbali. Halafu limejaa Meksiko, Kuba, Kolombia, Ufilipino mpaka Marekani.

Lina maana gani? Lilianzia wapi? Na kwa nini hili likawashinda mengine yote? Wenye madini yamwageni hapa.

#2 Nipo_Nasoma
Nimewahi kiti cha mbele.

#3 Baharia_Mstaafu
Mleta mada, jibu jepesi. García limetokana na *garza*, ndege korongo kwa Kihispania. Nimefanya kazi melini miaka mingi, tuliwahi kutia nanga Cádiz siku nne. Kuna duka la zawadi karibu na bandari linauza vigae vyenye nembo za koo, kila jina na nembo yake. Ya García ina korongo mweusi amesimama katikati. Nilinunua kigae hicho, kipo ukutani sebuleni kwangu hadi leo, ukingo mmoja umemeguka kidogo. Ukoo unaoitwa korongo, nembo yake korongo. Mambo yameisha.

#4 Kamusi_Hai
Baharia shikamoo. Kigae nakiheshimu, ila hapo umekamata mkia ukadhani ni kichwa. Nembo za koo zilianza Ulaya kwenye karne ya 12. Jina García lilikuwepo karne tatu kabla yake. Pamplona, kule Navarra kaskazini, alikuwepo mfalme aitwaye García Íñiguez, alishika utawala kwenye miaka ya 850. Wakati huo hakuna nembo wala ngao ya korongo. Wachora nembo walipokuja baadaye walitafuta kitu kinachofanana na jina kwa sauti, wakamkuta garza. Nembo ndiyo iliyofuata jina.

Na la pili kubwa zaidi: García halikuwa jina la ukoo. Lilikuwa jina la mtu, kama Juma au Petro. Wengi wanaoeleza asili yake wanalipeleka kwenye Kibaski, neno *hartz*, maana yake dubu.

#5 Nipo_Nasoma
Wabaski ndio wepi tena?

#6 Beki_Tatu
Wale wa Athletic Bilbao, timu isiyosajili mchezaji asiye na asili au malezi ya kwao. Wanaishi pande zote mbili za mwisho wa milima ya Pyrenees, Hispania na Ufaransa. Lugha yao haina undugu na Kihispania, Kifaransa wala nyingine yoyote inayojulikana. Ipo peke yake.

#7 Baharia_Mstaafu
#4 marhaba. Kwa hiyo nimetundika dubu sebuleni, kavaa manyoya ya korongo. Sawa. Lakini huyo dubu mbona simuoni kwenye jina?

#8 Mwalimu_wa_Lugha
Baharia kauliza swali la msingi sana. Dubu kwa Kibaski ni hartz, na ukitaka kusema dubu yule unasema hartza. Sasa *g* ya García imetoka wapi? Kwa sababu hiyo wapo wanaolipeleka kwenye *gazte*, yaani kijana. "Kijana yule" ni gaztea. Hati za kale za Kilatini zinaliandika jina hili Garsea. Tazama mwisho wa maneno hayo mawili, -ea na -ea. Mimi nasimama na kijana.

#9 Kamusi_Hai
Mwalimu, nawe *r* umeiokota wapi? Gaztea haina *r*, tena ina *t* katikati ambayo García haina. Dubu wangu kakosa *g*, kijana wako kakosa *r*. Tuko sare.

Ila mimi nina ushahidi wa pembeni. Wabaski wa zamani walikuwa na mazoea ya kuwapa watoto majina ya wanyama wakali. Mnamkumbuka Guillermo Ochoa, kipa wa Meksiko mwenye nywele nyingi? Ochoa ni *otsoa*, mbwa mwitu. Walioita mtoto mbwa mwitu watashindwaje kumwita mwingine dubu, na dubu walikuwa wamejaa kwenye milima yao?

#10 Mwalimu_wa_Lugha
Ochoa nakupa, hana ubishi. Lakini otsoa lilipokuwa jina halikuota herufi mpya mbele. Dubu wako kwa nini aote?

#11 Mnyalu_Halisi
Kwetu tunao akina Simba, Chui, Nyati na Tembo wa kutosha, na hakuna aliyewahi kuuliza kulikoni. Naungana na dubu.

#12 Mtoto_wa_Posta
Mbona mnasahau kwamba Kibaski kina neno *gar*, mwali wa moto? Hilo lina *g*, lina *a*, lina *r*, zote zimekamilika. García ni mtu wa moto.

#13 Mwalimu_wa_Lugha
#12 Kibaski hichohicho kina neno *gari*, nalo ni ngano. Tukienda kwa kufanana kwa sauti peke yake, kesho mtu ataleta hapa kwamba daladala zetu zimebeba jina la ngano ya Wabaski. Lazima uonyeshe njia: neno limepita wapi, limebadilika lini, na maneno mengine yamebadilika vilevile au la. Njia hiyo kwa dubu haijanyooka, kwa kijana haijanyooka, na kwa moto hata haijaanza.

#14 Mtoto_wa_Posta
Nimekuelewa mwalimu. Gari la ngano limenifurahisha, nalihifadhi.

#15 Winga_wa_Kushoto
Wakuu nafurahia sana huu mjadala. Ila kuna kitu kinanisumbua. González, Fernández, Rodríguez, López, Sánchez, Pérez, zote zina -ez. García hana. Kwa nini?

#16 Mwakaleli_Juu
Hapa niachieni Mnyakyusa, hili la kwetu. Hiyo -ez ni kama *Mwa-* yetu. Mwaipopo, Mwakyusa, hilo Mwa- mbele ni kusema huyu ni wa fulani. Wao wameiweka nyuma. Rodríguez ni wa Rodrigo, Fernández ni wa Fernando, Sánchez ni wa Sancho, Pérez ni wa Pero. Wakalenjini wana *arap*, pwani kuna *bin*. Kazi ni moja.

#17 Kamusi_Hai
Mwakaleli umemaliza. Nakuongezea mfano unaoonyesha jambo lenyewe likitembea. Pamplona ya karne ya 9: baba ni Íñigo Arista. Mwanawe ni García Íñiguez, yaani García wa Íñigo. Mjukuu ni Fortún Garcés, yaani Fortún wa García. Vizazi vitatu, na kila mmoja kabeba jina la baba yake mzazi kisha akaliacha. Hapo mnaona Garcés ndiyo -ez ya García, na hadi leo wapo watu wanaoitwa hivyo. Ila García lenyewe lilikuwa na tabia ya kusimama hata bila kiishio: mwana wa García aliweza kuitwa fulani García tu, likatosha.

#18 Winga_wa_Kushoto
Ngoja kwanza. Baba Íñigo, mwana García Íñiguez, mjukuu Fortún Garcés. Hii si ndiyo sisi kabisa? Jina langu, jina la baba, jina la babu, na kila kizazi jina moja la nyuma linadondoka!

#19 Kamusi_Hai
Ndiyo sisi kabisa, mkuu. Tofauti ni kwamba kwao siku moja liliganda.

#20 Padri_Mtarajiwa
Liligandishwa na Kanisa. Kardinali Cisneros, mwaka 1500 hivi, alitaka parokia ziandike ubatizo, na kuanzia hapo kila mtu akafungwa na jina la baba yake.

#21 Kamusi_Hai
Vitabu vya ubatizo ni kweli vilianza mapema Hispania, na Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1563 ukavifanya sheria kwa Kanisa zima. Kufungwa ndiko hakukuwepo. Mtu aliandikwa ubatizo kwa jina moja tu, la ukoo akajichagulia ukubwani: la baba, la mama, la bibi aliyemwachia shamba. Ndugu wa tumbo moja waliweza kuwa na majina tofauti. Mfano ulio wazi ni yule Mperu aliyezaliwa Cusco mwaka 1539, baba nahodha wa Kihispania, mama binti wa nasaba ya kifalme ya Inka. Alibatizwa Gómez Suárez de Figueroa. Alipofika Hispania akiwa kijana akajiita Garcilaso de la Vega kama baba yake, na ndivyo dunia inavyomjua. Garcilaso, mnaiona Garci hapo mbele? Utaratibu wa majina mawili ya ukoo, la baba na la mama, ulikuja kukazwa na sheria ya usajili wa raia ya 1870, iliyoanza kazi 1871.

#22 Mtaa_wa_Pili
Yote hayo mazuri ila mnakwepa ukweli. Haya ni majina ya Wayahudi waliobatizwa kwa nguvu mwaka 1492. Kuna orodha ya serikali ya Hispania ya majina zaidi ya elfu tano, ukiwa na jina lililomo unapewa uraia. Binamu yangu alinitumia.

#23 Beki_Tatu
#22 Hiyo orodha ilisambaa sana na ni ya uongo. Sheria yenyewe ipo, ya mwaka 2015, ya wazao wa Wayahudi waliofukuzwa Hispania. Ila serikali haikutoa orodha yoyote ya majina, na jina pekee halikumpa mtu uraia. Dirisha la maombi lilishafungwa 2019. Mwambie binamu asitume hela kwa mtu.

#24 Kamusi_Hai
Nakazia. Myahudi au Mwislamu aliyebatizwa alichukua mara nyingi jina la msimamizi wake wa ubatizo, na wasimamizi wengi walikuwa na majina ya kawaida kama García. Kwa hiyo wapo Wagarcía wa asili hiyo, na wapo wa mlimani Navarra. Jina halikuambii ni yupi.

#25 Mpangani_Valencia
Nawasoma tangu juzi, na post ya #18 imenigusa hadi nimeamua kuandika. Mimi ni mzaliwa wa Pangani, naishi Valencia mwaka wa 11 sasa. Mume wangu ni García. Mama mkwe naye, kabla hata ya kuolewa, ni García. Mwanamke wa huku akiolewa habadilishi jina. Kwa hiyo mume wangu kwenye kitambulisho ni García García, na hao wazazi wake hawana undugu wowote, kila mmoja mkoa wake. Siku moja tuko zahanati, ukumbi umejaa, muuguzi akatoka na karatasi akaita "García García!" Wakainuka watu watatu: mume wangu, bibi mmoja mwenye fimbo, na kijana aliyekuwa na bandeji mkononi. Muuguzi hakushangaa hata kidogo. Akarudia na majina yao ya kwanza, wawili wakakaa.

Sasa kilichonigusa. Nilipojifungua mwanangu tukaenda kumsajili. Mtoto wa huku anapata jina la kwanza la ukoo la baba na la kwanza la mama. Tangu Juni 2017 wazazi ndio mnaopanga lipi litangulie, na mkishindwa kukubaliana ndani ya siku tatu msajili anaamua. Sisi tukakubaliana García litangulie. Karani akaniuliza la kwangu. Nikamweleza kwamba kwetu hatuna hilo, mimi nina jina langu, la baba na la babu. Akanisikiliza kwa adabu, akageuza pasi yangu, akaweka kidole penye jina la mwisho, akaandika hilo: Mbwana.

Mbwana ni babu yangu, mvuvi, hakuwahi kuishi popote ila Pangani. Mwanangu anaitwa García Mbwana. Kaka yangu aliyebaki nyumbani, watoto wake wanatumia jina la kaka na la baba yetu Athumani. Kwao Mbwana limeshadondoka. Kwa hiyo kule Pangani babu hana kitukuu anayebeba jina lake, na Valencia anaye. Nilipompigia baba kumwambia, aliuliza jambo moja tu: "Mbona mimi wameniruka?"

#26 Winga_wa_Kushoto
Dada, nimesoma mara mbili. Asante sana.

#27 Mwakaleli_Juu
Pole na hongera kwa pamoja. Hivyo ndivyo García alivyoganda na yeye. Siku moja karani kaweka kidole.

#28 Beki_Tatu
Kwa faida ya wapenda mpira: ndiyo maana Lamine Yamal nyuma ya jezi haliko jina la ukoo. Lamine na Yamal yote ni yake mwenyewe. Ukoo ni Nasraoui kwa baba Mmoroko, na Ebana kwa mama mwenye asili ya Guinea ya Ikweta. Sergio Ramos naye ni Ramos García, García ya mama. Kwa hiyo mleta mada, Wagarcía uwanjani ni wengi kuliko unaowaona mgongoni.

#29 Mnyalu_Halisi
Guinea ya Ikweta! Watu wanasahau kuna nchi ya Afrika iliyotawaliwa na Hispania hadi Oktoba 1968.

#30 Mulubakat_wa_Lshi
Jambo yenu, niko Lubumbashi. Kama munatafuta García Afrika, musiende mbali. Ufalme wa Kongo ulikuwa na wafalme wawili wa jina hilo. Garcia I, Mvemba a Nkanga, alitawala 1624 hadi 1626. Garcia II, Nkanga a Lukeni, alishika kiti 1641, mwaka uleule Waholanzi waliwanyanganya Wareno Luanda, na yeye akafanya urafiki na Waholanzi. Mtoto wake António I ndiye aliuawa kwenye vita ya Mbwila mwaka 1665. Jina lilipitia kwa Wareno na ubatizo. Na muangalie vizuri: kwa Kongo lilikuwa jina la mtu, kama kule mwanzo Pamplona.

#31 Kamusi_Hai
Mulubakat, hiyo sikuitegemea na nimeifurahia kuliko yote. Wakati Hispania García limeshaanza kuwa la ukoo, Mbanza Kongo, mji mkuu wa ufalme huo, mfalme alikuwa bado analibeba kama jina lake mwenyewe.

#32 Kisauni_Kwetu
Hapa Mombasa tumekua na Wagoa, akina Fernandes na Rodrigues. Ndio hao hao?

#33 Beki_Tatu
Chanzo kimoja, njia tofauti. Ukiona -es ni Kireno, -ez ni Kihispania. Wagoa walipata majina hayo kwa ubatizo chini ya Wareno, si kwa damu. Na Wareno hupanga kinyume: la mama kwanza, la baba mwisho. Cristiano Ronaldo ni dos Santos kwa mama, Aveiro kwa baba.

#34 Baharia_Mstaafu
Kwenye damu hapo nina la kusema. Melini nilikaa na Wafilipino miaka mingi. Bosun wetu, yaani msimamizi wa mabaharia, alikuwa Garcia, nikamuuliza kama babu yake Mhispania. Akacheka sana. Akanieleza kwamba gavana wa Kihispania aliwagawia majina kutoka kitabuni. Sikumwamini.

#35 Kamusi_Hai
Mwamini. Gavana Narciso Clavería, amri ya tarehe 21 Novemba 1849. Wafilipino wengi walikuwa hawana jina la ukoo linalodumu, na wengi walijiita de la Cruz au de los Santos hadi makarani wa kodi wakachanganyikiwa. Ikatengenezwa orodha ya majina kama 60,000 kwa mpangilio wa alfabeti, kurasa zikagawiwa miji. Ndiyo maana mji wa Oas, mkoa wa Albay, familia nyingi majina yao huanza na R. Waliokuwa na jina lao la vizazi vinne waliruhusiwa kubaki nalo. Rais wao wa 1957 hadi 1961 alikuwa Carlos P. Garcia.

#36 Nipo_Nasoma
Kwa hiyo Navarra lilitoka kwa mfalme, Ufilipino kwa ubatizo au kitabu, Amerika je?

#37 Kamusi_Hai
Amerika ni mchanganyiko: wahamiaji wenyewe, wenyeji waliobatizwa, na Waafrika waliofanywa watumwa ambao waliandikwa jina la bwana au la msimamizi wa ubatizo. Na kabla ya kuvuka bahari lilishashuka Hispania yenyewe. Wakristo wa kaskazini walipoteka Toledo 1085, Córdoba 1236, Valencia 1238 na Sevilla 1248, walowezi wa kaskazini waliteremka na majina yao. Kwangu hiyo ndiyo sababu ya wingi. Lilikuwa jina pendwa wakati sahihi, likafika kila mahali kabla halijaganda.

#38 Mwalimu_wa_Lugha
Mimi naona sababu ni ile uliyoitaja #17. Jina linalosimama bila kiishio linachukua watu kutoka pande mbili. Rodrigo na Rodríguez wamegawana, García kabaki mmoja.

#39 Padri_Mtarajiwa
Na wafalme mmewasahau? Navarra akina García kadhaa, León García I kuanzia 910 hadi 914, Castilla mtawala García Fernández aliyefariki 995. Watu huwapa watoto majina ya wakubwa.

#40 Beki_Tatu
Wafalme akina Alfonso walikuwa wengi zaidi, na Alfonso kwenye majina ya ukoo hafui dafu. Hapo padri bado.

#41 Mtaa_wa_Pili
Nakubali ya orodha nilidanganywa. Ila undugu si wanapima kwa vinasaba siku hizi? Wakapimwe tumalize.

#42 Kamusi_Hai
Wameshapimwa. Wataalamu waliochunguza kromosomu Y za Wahispania, zile ambazo mwana hurithi kwa baba tu, walikuta wenye majina adimu ndio huelekea kuwa na babu mmoja. Kwenye majina ya kawaida kama García hakuna dalili hiyo. Mwambieni mzee fundi baiskeli: baba yao si mmoja.

Na hata ndani ya nyumba moja jina linaweza kukata kona. Gabriel García Márquez, Mkolombia aliyezaliwa Aracataca mwaka 1927. Baba yake alizaliwa nje ya ndoa, akachukua García kutoka kwa mama yake, Argemira García. Kwa upande wa babu mzaa baba ilitakiwa wawe Martínez.

#43 Mnyalu_Halisi
Yaani García maarufu kuliko wote ni García ya bibi!

#44 Mpangani_Valencia
Hata huku García ni wengi hadi mtu maarufu hutambulika kwa jina la mama. Mshairi Federico García Lorca, wote wanasema Lorca. Waziri mkuu wa zamani Rodríguez Zapatero, wanasema Zapatero. Picasso naye ni la mama, la baba ni Ruiz.

#45 Houston_Mwambao
Niko Texas. Sensa ya huku ya 1990 Garcia lilikuwa la 18 nchi nzima, 2000 likawa la 8, 2010 la 6 likiwa na watu 1,166,120. Limempita Miller na Davis. Darasani kwa binti yangu wapo wanne na hakuna anayewauliza kama ni ndugu.

#46 Beki_Tatu
Ufaransa nako wapo. Kocha Rudi Garcia, babu yake alikimbia vita vya Hispania. Na wengine walitoka Oran, Aljeria, walikokuwa walowezi wengi wa Kihispania kabla ya 1962. Mwigizaji Nicole Garcia kazaliwa Oran.

#47 Kamusi_Hai
Nimekumbuka moja, nayo ndiyo ninayoipenda. Kuba kulikuwa na jenerali wa vita vya uhuru, kazaliwa Holguín 1839. Jina lake: Calixto García Íñiguez. Rudini #4. Mfalme wa Pamplona alikuwa García Íñiguez, García mwana wa Íñigo. Jenerali, miaka elfu baadaye, ni García kwa baba yake na Íñiguez kwa mama yake, Lucía Íñiguez. Herufi zilezile, mpangilio uleule. La kwanza lilikuwa linasema baba yako ni nani. La pili limeganda pande zote mbili.

#48 Mwalimu_wa_Lugha
Hiyo nzuri mno. Lakini dubu bado hana *g*.

#49 Kamusi_Hai
Na kijana bado hana *r*.

#50 Winga_wa_Kushoto
Wakuu asanteni wote. Jumamosi nitamsomea mzee #25 na #42, mengine nitamwachia simu asome mwenyewe. Dada wa Valencia, mzee wako alikubali?

#51 Mpangani_Valencia
Nina mimba ya miezi saba. Majina ya ukoo siwezi kugeuza, wa pili lazima afuate mpangilio wa ndugu yake. Lakini jina la mtoto mwenyewe ni letu. Ni wa kiume, tumeshakubaliana: Athumani García Mbwana. Nilimpigia baba juzi usiku. Akanyamaza kitambo, nikadhani simu imekatika. Kisha akasema nimtajie tena, polepole, anaandika.

#52 Baharia_Mstaafu
Mungu akujalie ujifungue salama mwanangu. Pangani ipi, mjini au Bweni?

#53 Mpangani_Valencia
Bweni mzee wangu. Ng'ambo ya kivuko.